Kona ya Shangazi: Nikisema Tanzania nzuri naitwa chawa

Barua za toleo hili nyingi zinagusa jambo moja, sijui ni kwa sababu Desemba inakaribia na watu wanaanza kuwaza kurudi nyumbani au ni haya mabishano ya kwenye magrupu, basi nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida, mtanivumilia.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26 naishi Nyakato, Mwanza, chuo nimemaliza kazi sijapata, kwa sasa naendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu, yaani nampelekea mwenyewe pesa tuliyokubaliana. Kwenye grupu letu la wasap la watu niliosoma nao nikiweka kitu chochote kizuri kuhusu Tanzania, hata kama ni picha tu ya ziwa jua linazama pale Capri Point, wananijia juu, chawa huyo, umelipwa bei gani, bahasha imeshafika? Juzi mmoja akaniandikia, nitajie kitu kimoja tu kizuri cha nchi hii ambacho siyo mnyama wala mlima. Nikakaa kimya shangazi, jibu la haraka sikuwa nalo. Sasa nauliza, mtu anaweza kuipenda nchi yake akaisifia bila kuwa chawa? Na huyu jamaa nimjibu nini?
Boda wa Nyakato

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na juakali.

Kwanza hilo la uchawa tulimalize. Chawa anamsifia mtu, tena mtu mwenye nafasi, na anamsifia ili apate kitu. Wewe umesifia ziwa ulilokulia. Nchi ni kama nyumba ya ukoo na viongozi ni wale waliokabidhiwa funguo kwa muda, ukimwambia mwenye funguo kwamba paa linavuja hujaitukana nyumba, na ukisema nyumba yetu ina kisima cha maji matamu hujampigia makofi mwenye funguo. Watu wakishachanganya hivi viwili ndo hapo mmoja anaona kuipenda nchi ni kufumba macho na mwingine anaona kuwa mjanja ni kuiponda kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Halafu usimwambie huyo mwenzako ajifunze kushukuru, tafadhali. Mtu ana digrii, analala sebuleni kwa dada yake, kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitano, huyo malalamiko yake ni ya haki kabisa na ukimjibu kwa kumtajia Serengeti unamwongezea hasira tu. Mpe haki yake kwanza, ndo umjibu swali lake, maana kauliza swali zuri sana kuliko alivyojua.

Mi ningemjibu hivi: Mtanzania anaweza kupelekwa kona yoyote ya nchi hii, akashuka kwenye basi hana ndugu, na akaishi.

Nakwambia kitu nilichokiona. Mimi ni Mpare wa Same, na kazi yangu ya kwanza ya ualimu nilipangiwa Newala, miaka ya 80 mwanzoni. Safari yenyewe ilikuwa adhabu, kutoka Dar unaenda mpaka Rufiji mnavuka kwa pantoni pale Ndundu, lile daraja la Mkapa limekuja 2003 huko, masika basi linakwama matopeni mnalala njiani. Nimefika na tranka langu na godoro nimelikunja, sina ninayemjua hata mmoja, lafudhi yangu wanaicheka. Sasa asiyeijua Newala ya wakati ule ajue kwamba maji yalikuwa ni shida kubwa, ule uwanda wa Makonde uko juu na mchanga wake unayanywa yote, wanawake walikuwa wanashuka bondeni kuteka na kupandisha ule mteremko na ndoo kichwani. Jioni ile ile mama mmoja jirani, Mmakonde mtu mzima ana ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, kaja na ndoo imejaa, kaifunika na majani juu ili yasimwagike, kaiweka mlangoni kwangu, kasema mwalimu uoge, umechoka. Ndoo nzima. Ile ndoo alikuwa ameibeba mwenyewe toka bondeni na kwake ana wajukuu. Hakuniuliza kabila wala dini, aliuliza tu kama nimekula.

Sasa mwanangu hapa ndo napotaka usome taratibu. Watu wengi wakisikia hivi wanasema aah Watanzania ni wapole, tumeumbwa hivyo. Hapana jamani. Makabila zaidi ya 120 hayakai pamoja kwa upole tu, majirani zetu nao ni watu wema kama sisi na mapigano ya kikabila yamewakuta. Hiki kitu kilitengenezwa, na walioshiriki kukitengeneza wengine bado wapo hai wanakula pensheni zao. Mtoto wa Bukoba alikuwa anafaulu anapangiwa shule Songea, wa Mtwara anapelekwa Musoma, mnalala bweni moja mnagombania ukoko wa ugali, ukija kuwa bwana shamba au nesi au polisi serikali inakupangia tena mkoa mwingine unaoa huko huko. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza 1963, na kwa miaka mingi kijana wa form six hakwepi, mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wanakata kuni pamoja. Mwaka huo huo 1963 utawala wa machifu ukaondolewa kisheria. Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere akasimama bungeni akahutubia kwa Kiswahili wakati bunge lenyewe lilizoea Kiingereza, na miaka michache baadaye shule zote za msingi za serikali zikawa zinafundisha kwa Kiswahili. Ndo maana leo abiria wako wa Nyakato anaweza kuwa Mkerewe, Mkurya, Mhaya, Mmasai mwenye dawa za miti shamba, mnabishana bei ya kwenda Buhongwa na mnaelewana.

Hata sensa. Sensa ya Agosti 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, wakatuuliza choo cha aina gani, paa la nini, una kuku wangapi. Kabila hawakuuliza. Mara ya mwisho sensa kuuliza kabila ilikuwa 1967. Mi hilo nalipenda sana, maana palipohesabiwa kabila hapakosi mtu wa kuja kudai gawio kwa hesabu hiyo.

Sisemi kila kitu cha miaka ile kilikuwa kizuri, nilikuwepo. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu, nyumba nyingine zikachomwa wenyewe wanaangalia, na mwanzoni mwa miaka ya 80 tulipanga foleni ya sabuni na sukari alfajiri. Na leo hii pia hatujawa malaika, huko huko kanda ya ziwa kwenu vikongwe wameuawa wakiitwa wachawi kwa kuwa na macho mekundu ya moshi wa kuni, na wenzetu wenye ualbino mpaka leo wapo wanaoogopa kutembea peke yao. Anayeipenda hii nchi inabidi na hayo ayataje kwa sauti.

Lakini kuna jambo lingine serikali haikulitengeneza, lilikuwepo tangu zamani, nalo ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi utani wao ni wa enzi za misafara ya kwenda pwani. Sisi Wapare watani wetu ni Wachaga. Kaka yangu alipofariki, tupo pale Same watu wamejikunyata wanalia, wakaingia watani, mmoja kavaa koti la marehemu na kofia yake anatembea vile vile alivyokuwa anatembea, anabeua bega, anatudai madeni kwa sauti ya kaka, mwingine kashuka kaburini kakaa humo anasema hatoki mpaka alipwe, ardhi ya Wapare anaitaka na yeye. Shemeji yangu ambaye alikuwa hajala siku mbili akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaomba uji. Nchi ngapi watu waliowahi kuchinjana wanakuja kuchekeshana msibani?

Na ukarimu huu haukuishia kwetu sisi kwa sisi. Nenda Morogoro pale Mazimbu, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi walipewa ardhi wakajenga shule yao, leo ni kampasi ya chuo kikuu cha Sokoine na ina jina la mpigania uhuru wao Solomon Mahlangu. Kongwa kule Dodoma walikaa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Namibia, Zimbabwe, nchi yenyewe ikiwa maskini haina hata viwanda. Na wale ndugu zetu wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, mwaka 2014 zaidi ya 162,000 walipewa uraia, watoto wao na wajukuu ni Watanzania kama wewe. Nitajie nchi tajiri iliyofanya hivyo kwa mkupuo.

Kwa hiyo huyo jamaa mwambie, kitu kimoja kizuri ni kwamba wewe na mimi tumesoma darasa moja miaka yote hiyo na sijui kabila la nusu ya grupu hili. Halafu mwambie tena kwamba kinaweza kuvunjika, maana siku hizi naona watu wanaandika watu wa kanda fulani hivi, dini fulani wamejaa ofisi fulani, wanacheka, na kwenye hilo grupu lenu akitokea wa kuandika hivyo mkatae hapo hapo, wewe na yeye pamoja. Picha za ziwa endelea kuweka. Na kuhusu kazi, kama una leseni daraja la bodaboda anza kukusanya taratibu ya kununua ya kwako, hesabu ya mtu itakula ujana wako.

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Leicester, Uingereza, nina watoto wawili wa miaka 13 na 9 wamezaliwa huku. Mara ya mwisho tulikuja wakakaa kwenye simu wiki tatu, wanasema Tanzania kuna joto na umeme unakatika. Tunakuja tena Desemba. Niwaonyeshe nini waipende?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mama. Usianze na mbuga. Wakipelekwa kwenye gari la kitalii watakuwa watalii, wanaangalia simba dirishani kama wanavyomwangalia kwenye runinga wanarudi hotelini.

Wapandishe treni ya umeme Dar mpaka Dodoma, ilianza 2024, inakimbia kilomita 160 kwa saa, kama saa tatu na nusu hivi mmefika, wakae dirishani waone milima ya Uluguru pale Morogoro na yale mahandaki baada ya Kilosa. Hao wa huko treni wamezizoea ndo maana nasema waanzie hapo, wataona nchi inayosogea. Kama mna nafasi shukeni Kilwa, kutoka Kilwa Masoko ni boti dakika chache mpo kisiwani, kuna msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe na jumba la Husuni Kubwa, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alifika pale 1331 akausifia mji. Mkubwa wa miaka 13 mwambie atafute London ya mwaka huo ilikuwaje, alinganishe mwenyewe.

Lakini la maana kuliko yote wapelekwe kwa bibi yao wakae angalau wiki mbili wewe ukiwa hupo. Najua unaogopa. Ukiwepo watakuja kwako kwa kila kitu na Kiingereza kitakuwa kingi, usipokuwepo wataomba maji kwa Kiswahili, binamu zao watawafundisha kupanda mwembe, na Desemba ni msimu wa embe kwa hiyo watakuwa na kazi ya kufanya. Umeme ukikatika wataona watu wanatoka nje kukaa barazani na hadithi zinaanza. Beba dawa za malaria, neti, na mweleze bibi wanachokula ili asihangaike.

SWALI: Shangazi mimi wa Himo. Nachukia sana watu wa nje kusema Kilimanjaro iko Kenya, nabishana nao mtandaoni mpaka usiku. Nifanyeje?
Mchaga Halisi

JIBU: Mtani wangu, lala usiku. Mlima wote uko Tanzania, Kibo, Mawenzi na Shira, kilele cha Uhuru mita 5,895, na ndiko mwanajeshi wetu Alexander Nyirenda alikopandisha bendera na mwenge usiku wa uhuru 1961. Wakenya wanauona vizuri toka mbuga yao ya Amboseli na picha zao ni nzuri, hilo siyo kosa lao.

Badala ya kubishana andika kile ambacho picha ya Amboseli haiwezi kuonyesha. Wewe uko mlimani, una kihamba, shamba la ukoo la babu yako, hapo nyuma ya nyumba, mgomba juu, kahawa katikati, magimbi chini, ng'ombe ndani anakula majani ya mgomba na mbolea inarudi shambani. Piga video ya mfongo, ule mfereji wenu wa maji, onyesha maji yanavyotolewa mtoni huko juu yakazungushwa ubavuni mwa mlima kwa mifereji iliyochimbwa kwa jembe na mababu zenu, na zamu za kumwagilia zinavyopangwa na wazee, nani Jumanne nani Alhamisi, na anayeiba maji anavyotozwa faini ya pombe. Mhoji mpagazi anayebeba kilo 20 mpaka Kibo, muulize analipwa shilingi ngapi kwa siku na kama inatosha. Weka majina, geti la Marangu, la Machame, la Umbwe, andika kila mara mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania. Na hiyo mifongo mingine imeanza kukauka na vijana hawaendi tena kuizibua, kwa hiyo ukishapiga video shuka na jembe.

Barua za mirathi na ile ya mama mkwe wa Tanga nimezipata, zitajibiwa toleo lijalo.