Tope moja, vina tofauti: gamba la planktoni husema nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Nakuru. Tulipowapeleka wanafunzi Kariandusi kuona daiatomaiti, ule udongo mweupe, mmoja aliuliza: ikiwa magamba ya planktoni wa baharini, viumbe wadogo wanaoelea majini, huishia yote kwenye tope moja, hujulikanaje nani aliishi juu na nani chini? Na udongo wetu je?

JIBU: Mwalimu, nipongezee mwanafunzi huyo. Swali lake ndilo alilolishughulikia mwanasayansi Cesare Emiliani katika utafiti aliouchapisha mwaka 1954. Gamba halina alama ya kina, lina alama ya joto. Maji ya bahari za tropiki hupoa kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ukijua joto umekaribia kujua kina.

Foraminifera, viumbe wa seli moja walio miongoni mwa planktoni hao, hujenga gamba la kalsiamu kaboneti. Maji yakiwa baridi, oksijeni-18, ile nzito, huingia kwa wingi zaidi: kama sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi nne au tano. Magnesiamu nayo hupungua. Basi tunachekecha tope, tunainamia hadubini, na kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa tunaokota magamba madogo kuliko punje ya wimbi, kila spishi na kisahani chake. Spishi iitwayo Globigerinoides ruber hufuga mwani mwilini, hawezi kukaa mbali na jua. Gamba lake huonyesha joto la juu. La spishi nyingine, Globorotalia truncatulinoides, huonyesha baridi.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Huyu wa pili huanza maisha karibu na uso wa bahari, kisha hushuka mamia ya mita huku akijipaka tabaka jipya la gamba. Ukilisaga gamba zima, unapata mchanganyiko wa safari yote, wala si kituo kimoja. Mimi sikubali kina kilichotajwa kama namba moja kavu kabla sijaona unene wa lile tabaka la nje.

Udongo wa Kariandusi ni kitu kingine: daiatomu, mwani wa ziwani wenye gamba la silika. Waonyeshe wanafunzi kwa siki. Ganda la yai, ambalo nalo ni kalsiamu kaboneti, litatoa mapovu, daiatomaiti safi itatulia tu. Oksijeni ya silika hupimika pia, ila kuhusu kina cha ziwa ningeanza na spishi zenyewe: zile zinazoelea zikitawala, maji yalikuwa mengi, zile zinazojishikiza kwenye mawe na majani zikizidi, ziwa lilikuwa limepungua.