Kurudia GMAT baada ya kupata 615

Kwa kuwa umepata 615 kwenye GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, ilhali mitihani ya mazoezi ilikuwa ikikupa 655 na zaidi, ningekushauri urudie, kwani pengo hilo linaonyesha kwamba uwezo unao na kilichokuangusha huenda ni wasiwasi au matumizi ya muda. Kama mazoezi nayo yangekuwa yakiishia 615, kurudia bila kubadili namna ya kujisomea kungekuwa kupoteza ada tu. Alama za sasa, zinazoanzia 205 hadi 805, hazilingani moja kwa moja na za mfumo wa zamani, kwa hiyo usijipime kwa 700 ya wale waliokutangulia. Kanuni inadai zipite siku 16 kabla ya kurudia. Mimi ningejipa wiki sita au zaidi, mradi tarehe ya mwisho ya maombi inaruhusu.