Gego halina tundu, lizibwe la nini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Binti yangu ametimiza miaka 7. Tulimpeleka kukaguliwa meno, tukaambiwa hana tundu hata moja, ila magego yake manne ya nyuma kabisa yazibwe kwa dawa ya kukinga yasije yakatoboka. Shemeji yangu amepinga. Anasema kuziba jino zima ni kuwafungia wadudu ndani, watakula chini kwa chini mpaka siku linamuuma ndipo tugundue. Ametuelekeza kwa mtu mwenye unga wa kutoa wadudu, tuanze na huo. Mimi nami najiuliza: si meno ya utoto hayo, yatang'oka tu? — Mama Rehema

JIBU: Mama Rehema, nianze na swali lako mwenyewe maana halina mjadala. Hayang'oki hayo. Gego linaloota karibu na miaka 6 halingoji jino la utoto lipishe. Linachomoza kivyake kule nyuma, hakuna jino linalolegea, hakuna damu, na mzazi huja kulikuta limeshakaa. Ndilo binti yako atakalotafunia akiwa na wajukuu. Likiharibika hakuna lingine chini yake. Mengine manne yatafuata nyuma ya hayo karibu na miaka 12, nayo ni ya kudumu vilevile, kwa hiyo mazungumzo haya utakuja kuyarudia.

Sasa shemeji. Sina ugomvi naye, ila hoja yake nimeichoka. Haipiti wiki bila mzazi kusimama mlangoni kwangu, mtoto kamshika mkono, akiniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, kwani hamuwafungii wadudu humo?" Nadhani lugha yetu nayo imechangia. Tunaposema "kuziba jino" tunamaanisha jino limetoboka, limechimbwa, uozo umetolewa, tundu limejazwa. Mtu akiambiwa jino zima lizibwe, anaona kama anaibiwa. Halafu tunasema "jino limeliwa na wadudu", neno lilelile tunalolitumia kwa kiwavi na kwa bakteria asiyeonekana kwa macho. Yaweke maneno hayo mawili pamoja, picha ya shemeji inajichora yenyewe: viwavi wamefungiwa chumbani, nao wanaendelea kutafuna kuta.

Bakteria hawatafuni kuta. Hawali jino kabisa. Wanakula sukari inayopita kinywani, wakishaila wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya enameli, lile ganda gumu la nje la jino. Chakula chao kinatoka nje. Ukiwafunika kwa kitu kisichopitisha mate wala sukari, umewafungia bila posho. Hili limepimwa tangu miaka ya 1970: watafiti walifunika magego ambayo tayari yalikuwa yameanza kuoza, na baada ya miaka 2 wakakuta bakteria wanaoweza kuoteshwa maabara wamepungua kama mara 2,000. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2008 ulitazama madoa ya uozo ambayo hayajatoboa jino. Kwa mwaka mmoja, kati ya madoa 100 yaliyofunikwa, yaliyoendelea kuharibika hayakufika 3. Kati ya 100 yaliyoachwa wazi, ni zaidi ya 12.

Shemeji asinielewe vibaya. Tundu la wazi lililokwisha kufika kwenye dentini, ile tabaka laini chini ya enameli, halipakwi dawa ya kukinga na kuachwa. Hilo linazibwa kwa maana ileile aliyoizoea. Ndiyo maana gego husafishwa, hukaushwa na kumulikwa vizuri kabla ya uamuzi, na likitia shaka linapigwa eksirei. Kwa binti yako hatua hiyo imefanyika na jibu mmepewa: hana tundu. Huo ndio wakati wake, wala msingoje mwingine.

Kwa nini gego, na siyo meno ya mbele? Litazame kwa juu. Lina vilima na mabonde, na chini ya mabonde kuna mifereji. Unyuzi mmoja wa mswaki una unene wa karibu milimita 0.2. Mingi ya mifereji hiyo mdomo wake haufiki nusu ya hapo, na mingine imeumbwa kama chupa, shingo nyembamba na tumbo pana. Mswaki unapita juu kama ufagio unavyopita juu ya ufa wa sakafu, ukoga unabaki mle ndani. Mama akiniapia kwamba mwanawe anapiga mswaki asubuhi na usiku, namwamini, na bado nakuta mfereji umeoza. Tunapenda kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, halafu tunakaa kungoja ufa utokee. Gego limeota na ufa wake.

Kwa hiyo dawa hii, ambayo sisi kazini tunaiita silanti, ni resini, aina ya plastiki ya majimaji, nyepesi, inayojaza mifereji hiyo na kugeuka ngumu. Hakuna sindano wala kuchimba. Kazi ya gego moja ni dakika chache.

Na hapa ndipo ningependa hofu ya shemeji ihamie, kwa sababu kuna jambo la kuogopa kweli, nalo si wadudu. Ni mate.

Silanti haishiki kwenye enameli hivihivi. Mwaka 1955 mtafiti wa meno Michael Buonocore, aliyefanya kazi Rochester huko Marekani, alijua kwamba viwandani chuma hupakwa asidi ya fosforiki ili rangi ishike vizuri. Akaijaribu asidi hiyohiyo kwenye jino, resini ikang'ang'ania. Karibu kila kinachogandishwa kwenye meno leo kinategemea ugunduzi huo. Asidi inafungua vitundu vidogo mno kwenye uso wa enameli, resini inapenya humo na kujishikiza kama mizizi. Mtoto anapokuwa kitini, utaona gego limezungushiwa pamba pande zote, mrija unafyonza mate, halafu jeli ya asidi, mara nyingi ya rangi ya bluu, inapakwa kwa sekunde 15 hadi 30. Inaoshwa, jino linapulizwa hewa mpaka likauke. Hapo ulimi usiponyanyuka, mambo ni mazuri: gego linapoteza mng'ao na kuwa jeupe kama chaki. Weupe huo ndio tunaoutafuta. Likiguswa na mate kabla resini haijawekwa, hata kidogo, vile vitundu vinajaa na lazima asidi ipakwe upya. Hakuna njia ya mkato. Kukausha tena kwa hewa na kuendelea ni kujidanganya.

Lakini wapo wanaoendelea. Mtoto kachoka, foleni ndefu, mkono mmoja tu umebaki wa kushika pamba, basi inapakwa, inamulikwa taa ya kuigandisha, "tayari mwanangu, shuka." Niliwahi kuletewa kijana wa miaka 9 aliyefunikwa magego mahali fulani mwaka mmoja kabla. Kwa mbali yaling'aa vizuri. Nilipopitisha ncha ya chombo pembeni mwa gego la chini kulia, silanti ilinyanyuka ukingo, halafu ikatoka nzima kama ganda la kidonda kilichokauka, na upande wake wa chini ulikuwa na alama za mifereji zilizochapika vizuri kabisa. Haikuwa imeshika popote. Mate na sukari vilikuwa vinapita chini yake mwaka mzima, na mfereji ulikuwa wa kahawia na laini. Baba yake akanitazama kama kusema, si mnaona? Nilielewa kwa nini. Ila kilichoozesha jino lile ni uwazi. Lingekuwa limefungwa kweli, lisingeoza.

Kwa hiyo siku ya kazi msione haya kuuliza. Gego limetoka lote? Miaka 7 mara nyingi limetoka, lakini kwa watoto wengine kipande cha ufizi bado kinafunika sehemu ya nyuma na hapakauki kwa namna yoyote. Hapo daktari mwenye busara atasubiri, au atatumia dawa nyingine ya kufunika iitwayo glasi ayonoma, ambayo inavumilia unyevu zaidi na inatoa floraidi, ingawa haikai muda mrefu kama resini. Na resini ikishagandishwa, daktari aijaribu kuibandua kwa chombo chake mbele yenu. Ikikubali kutoka, ni heri itoke hapo kitini.

Itadumu muda gani? Daktari Richard Simonsen wa Marekani alifunika magego ya watoto mara moja tu bila kurudia, akaja kuyaangalia baada ya miaka 15. Matokeo aliyachapisha mwaka 1991. Silanti iliyobaki kamili ilikuwa kwenye magego kama 28 kati ya 100, idadi ambayo wapinzani hupenda kuinukuu wakaishia hapo. Wasichonukuu ni kwamba nyuso 69 kati ya 100 zilizofunikwa zilikuwa bado nzima, wakati kwa wenzao ambao hawakuwahi kufunikwa, zilizobaki nzima zilikuwa 17. Na huko ni kupakwa mara moja na kuachwa. Ikikaguliwa kila mnapokwenda kuangaliwa meno na kuongezwa palipotoka, inafanya vizuri zaidi. Hata ikitoka bila ninyi kujua, jino halirudi kuwa na hatari kubwa kuliko lile ambalo halikufunikwa kabisa. Mko palepale mlipokuwa.

Kitu kimoja wazazi husahau wakishaona magego yanang'aa: silanti inalinda juu tu. Katikati ya jino na jino haifiki. Mswaki na dawa yenye floraidi vinaendelea kama kawaida, na soda ya kunywa kidogo kidogo kutwa nzima haijapata kibali.

Nimeuacha unga mwisho kwa makusudi, kwani nikiuanza mapema nisingefika kwingine.

Hakuna mdudu wa kutoa. Mwaka 1728 Pierre Fauchard, daktari wa meno wa Ufaransa, aliandika kwamba alitafuta mdudu wa jino hata kwa hadubini asimpate. Karibu miaka 300 imepita na biashara bado ipo. Mtu mmoja aliniletea "wadudu" wa mkewe wamekunjwa kwenye tishu, wametoka, anasema, baada ya kufukizwa moshi wa mbegu. Vilikuwa vitu vyeupe, vyembamba, vimejikunja, vina ncha moja nyeusi inayofanana kweli na kichwa. Nikaviweka chini ya lenzi pamoja naye. Ni viini vya zile mbegu, vinachomoka zikipata joto na mvuke. Hiyo ni hila ya karne nyingi. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Sasa mbona maumivu yalipungua?" Kwa sababu kiini cha jino kilikuwa kinakufa. Jino likifa ndani huacha kuuma kwa muda, usaha unajikusanya kwenye mzizi, na aliyelipwa kwa "kutoa wadudu" anapata sifa ambayo si yake. Mkewe alirudi baada ya wiki tatu shavu limevimba hadi jicho halifunguki.

Unga nao sina hamu nao. Niliowahi kuonyeshwa, mwingi ulikuwa mkaa uliosagwa, ambao unakwangua enameli na kujikita kwenye mifereji kiasi kwamba siwezi kutofautisha weusi wake na uozo. Mwingine unaunguza: nimeona ufizi wa mtoto umekuwa mweupe na kubanduka kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto, na mzazi kaambiwa hiyo ndiyo ishara kwamba dawa inafanya kazi. Mwenye unga huo hajawahi kukausha jino akalimulika. Hajui kama ni jino la utoto au la kudumu, kama lina doa au lina shimo. Anatoa dawa moja kwa vinywa vyote, na likiharibika hayupo. Siku hizi wamezuka hata wanaouza "silanti ya kujipaka nyumbani", chupa na kibrashi kama rangi ya kucha, bila asidi, bila kukausha, bila taa. Nimeshaeleza kwa nini haiwezi kushika, na ikishika nusu ndiyo yale ya kijana wa miaka 9.

Kama unga wa huyo bwana mmeshaununua, msiupake. Na kama mmeshaupaka, uchukueni na pakiti yake mwende nao kwa daktari wenu kabla ya siku ya miadi, mwambieni ulikaa kinywani kwa muda gani, autazame ufizi wa mtoto kwanza.