Malengo Yafuate Msimu wa Pesa Yako

Dada, kila Januari naandika malengo kumi. Machi ikifika hata daftari sijui liliko. Nakosea wapi? (Fundi cherehani, Morogoro)

Kaka, unaanza mwezi mgumu kuliko yote. Januari ina ada, sare na kodi ya chumba, na sikukuu zimeshakula akiba. Funga hesabu zako mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kama unalipa kodi ya makadirio kwa awamu, tarehe hizo unazijua tayari. Kila robo iwe na lengo moja tu la pesa, na liwe na kiasi: "Hadi 30 Juni niwe na nusu ya bei ya mashine ya ovaloki." Yale tisa mengine yasubiri zamu yao.

Robo mwaka ni ya wenye mishahara. Sisi huku Songea tunapanda mahindi mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, tunavuna Juni na Julai. Pesa huja mara moja. Nipange vipi?

Umesema kweli mzee wangu, robo achana nazo. Malengo yako yaandikwe siku ya kupukuchua, mali ikiwa bado mkononi mwako na dalali hajafika mlangoni.

Mama yangu mkubwa alikuwa hauzi hata debe moja kabla hajachukua kipande cha mkaa na kuandika juu ya magunia: CHAKULA, MBOLEA, ADA. Dalali akija, anauziwa yale yasiyoandikwa. Namkumbuka mmoja aliyepandisha bei mara mbili akiwa amesimama mbele ya gunia la ADA. Mama mkubwa akamkaribisha uji, gunia likabaki pale pale.

Wakati wa mavuno kila mtu anauza, ndiyo maana bei iko chini. Aghalabu hupanda kuanzia Desemba, maghala yakianza kupungua, na ada nayo inadaiwa Januari. Ila gunia la kusubiri linataka mahindi makavu kweli kweli na mfuko usiopitisha hewa, la sivyo mdudu dumuzi atakuachia unga. Agosti hadi Oktoba ni kiangazi, basi lengo la nyumba liweke hapo: kufyatua tofali, kuchoma, kuezeka. Ukilipeleka Februari, mvua italiharibu.

Nauza chai na maandazi asubuhi hapa Tanga. Ramadhani ikiingia, biashara inalala na mpango wangu unavurugika kila mwaka.

Mama, Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya ukutani peke yake haikutoshi. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba! Fuata mwezi mwandamo. Rajabu na Shaabani ziwe miezi ya kuweka unga, sukari na mafuta kabla bei hazijapanda. Ramadhani yenyewe hamishia meza jioni: kaimati, sambusa, mihogo ya nazi. Watu ni wale wale, wamebadilisha saa ya kula tu.

Miezi mitatu ni mirefu, nasahau katikati. (Mwanafunzi wa chuo, Zanzibar)

Mdogo wangu, dawa unayo nyumbani. Wazee wa mwambao waliuhesabu mwaka wa nairuzi, siku 365, kwa miongo, yaani siku kumi kumi, na Makunduchi bado wanaukaribisha kwa sherehe za Mwaka Kogwa kila Julai. Robo yako ina miongo tisa. Kila siku ya kumi keti robo saa, soma lengo lako, andika mstari mmoja: nimefanya nini, kimebaki nini. Hilo linatosha.

Lengo la robo iliyopita limenishinda. Nilihamishie robo hii?

Lihamishe, ila mara moja tu. Likikwama tena, likate nusu. Likikwama mara ya tatu, jiulize kwa dhati kama ni lako au ni la jirani uliyemwona amenunua pikipiki. Kama si lako, lifute leo, na pesa uliyokwisha kuliwekea ipeleke kwenye ada.