Akili mnemba na ubunifu wa jukwaa: tulivyoitumia kwenye mchezo wa Maji Maji

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu kinaweza kuachana na mbunifu wa jukwaa na kutegemea akili mnemba kwa kuwa bajeti ni finyu. Nimebuni majukwaa na maleba ya vikundi vya Dar na Bagamoyo kwa miaka 11, na mchezo wa mwisho niliufanya nikiwa na programu ya akili mnemba ya kutengeneza picha mezani. Itumieni mapema kabisa, kabla hamjanunua hata msumari, kisha iwekeni pembeni.

Mchezo ulihusu Vita vya Maji Maji. Mwongozaji alikuwa anarudia tu "nataka jukwaa liwe na uzito," na wiki mbili zikapita hatujaelewana ni uzito gani. Siku moja tukakaa pamoja, nikawa naandika maelezo, picha zinatoka. Baada ya saa moja tulikuwa nazo kama 30. Moja akaigusa kwa kidole akanyamaza: shamba la pamba usiku, weupe umetanda hadi miguuni mwa watu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Kwa penseli ningefika hapo baada ya wiki.

Shida ikaanza kwenye maleba. Niliomba kijiji cha Wamatumbi mwaka 1905, nikaletewa watu wenye shuka nyekundu za Kimasai, nyuma yao migunga na nyika. Nikabadilisha maelezo mara nne. Shuka zikabadilika rangi, nyika ikabaki palepale. Umatumbini, karibu na Kilwa, ni vilima, na ni huko Nandete watu walikoanza kung'oa pamba Julai mwaka huo. Mtazamaji wa Kilwa akiiona nyika ile, tumeshampoteza kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Nikaenda kwa mama mmoja mzee, jirani yangu aliyekulia kusini. Akasimama, akanionyesha kaniki inavyofungwa mtu akienda shamba, na fundo linakaa wapi ili lisimsumbue akiinama. Lile fundo ndilo lililompa mwigizaji wetu mwendo wake. Nililishwa na wali juu.

Halafu vipimo. Picha tuliyoipenda ilikuwa na ngazi inayopanda kutoka shambani hadi boma la Mjerumani. Fundi seremala aliigeuza simu huku na huku, akauliza: "Hii ngazi imeshikiliwa na nini?" Haikushikiliwa na kitu. Jukwaa letu lina upana wa mita 8 na kina cha mita 5, na watu 14 wanacheza ngoma ya lizombe hapo. Ngazi ile ingemeza nusu yake. Nikachukua tepu, nikapima ukumbi, nikakata maboksi kwa kipimo cha sentimita 5 kwa mita moja, nikasimamisha vijiti 14 ndani. Ngazi ikawa kichanja kimoja cha mbao, kimo cha magoti. Pamba tuliifunga kwenye fito, na taa mbili kati ya sita tulizokuwa nazo tukazilaza chini pembeni. Weupe ukaja.

Orodha ya vifaa iliyoandikwa na akili mnemba ilinirahisishia kazi, ila isomeni na msimamizi wa jukwaa. Yetu iliandika kibuyu cha dawa kwenye sehemu ya kwanza ya mchezo tu, kwa sababu ndipo kinapotajwa. Mganga anacho mkononi hadi sehemu ya nne.

Ni kweli kwamba Prague mwaka 2021 walionyesha mchezo ulioandikwa kwa sehemu kubwa na mashine, ila watu ndio waliochagua maneno na kuyapanga.

Kwa hiyo mlipeni mbunifu hata siku tatu: ya kupima ukumbi, ya maboksi, na ya kukaa na fundi. Pimeni na mlango wa nyuma. Wetu ulikuwa sentimita 80, na boma tulilikata vipande viwili usiku wa kuamkia onyesho.