Rangi nyeusi kwenye Lee-Enfield yako si uchafu

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Columbus, Ohio, nina grini kadi, na nyumbani ni Voi. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Malaya miaka ya 1950. Tuna picha yake moja ameshika bunduki fupi ambayo mdomo wake umepanuka kwa mbele. Juzi nilinunua Lee-Enfield No. 4, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, kwenye maonyesho ya bunduki. Inapiga vizuri, ila imechakaa. Kuna mtu aliipaka rangi nyeusi nzito kama ya geti, mbao zimejaa mafuta na mikwaruzo, na namba ya kwenye bolti (kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu) si ile ya kwenye mwili. Muuzaji alisema namba hazina shida. Nataka kuibandua hiyo rangi, niitie dawa ya bluu (ile ya kukipa chuma rangi ya bluu iliyokolea), nipige mbao msasa na vanishi, kisha nikate mtutu ifanane na ya babu. Nitumie dawa gani, na msasa namba ngapi? Na je, baadaye naweza kuipeleka Voi iwe kumbukumbu ya ukoo?

JIBU: Marahaba. Namba ya msasa sitakupa, na dawa ya bluu sitakutajia. Maswali kama lako nayapata kila mara, na kwa kawaida yananifikia pamoja na bunduki ambayo tayari imeshaharibiwa. Wewe angalau umeuliza kabla.

Tuanze na bolti, maana hiyo ndiyo inayoweza kukutoa jicho. Usiipige tena hiyo bunduki mpaka ikaguliwe. Muuzaji aliyekwambia namba hazina shida ama hajui, ama anajua na alitaka hela yako. Kiwandani, kila bolti ya Lee-Enfield ililinganishwa kwa mkono na mwili wake ili viungo vya kufungia, kushoto na kulia, vibebe mzigo kwa pamoja. Ndiyo sababu ikagongwa namba. Risasi ya .303 hukaa ndani ya chemba kwa kuegemea ukingo wa tako lake, na nafasi inayobaki kati ya tako hilo na uso wa bolti ndiyo inayoamua kama ganda litatoka zima au litakatika. Kwa vipimo vya jeshi la Uingereza, bolti ilipaswa kufunga juu ya geji, yaani kipande cha kupimia kinachowekwa ndani ya chemba, ya inchi 0.064 na kukataa ile ya 0.074. Kwenye No. 4, nafasi hiyo ilirekebishwa kwa kubadilisha kichwa cha bolti. Vichwa hivyo viligongwa 0, 1, 2 au 3, na namba ikipanda, kichwa kinakuwa kirefu kidogo.

Hapo ndipo wajanja wa video wanapoingia. Wanakwambia agiza kichwa namba 3, kifunge, umemaliza. Hujamaliza. Kichwa kirefu kinaweza kuipendeza geji huku bolti yenyewe ikiwa imeegemea upande mmoja tu, na geji haitakuonyesha hilo. Mpelekee fundi mwenye leseni, atazame viungo kwa wino wa kukagulia, apime, na aangalie pia maganda uliyokwisha kupiga. Kama unayo, usiyatupe. Ganda lenye mstari unaong'aa kulizunguka, juu kidogo ya tako, lilikuwa linakaribia kukatika.

Sasa hiyo rangi ya geti. Chukua tochi, tazama ubavu wa kushoto wa mwili wa bunduki, pale bolti inapopita. Tafuta maandishi membamba, yaliyochorwa kama kwa kalamu ya umeme. Ukiona herufi FTR na mwaka, tulia. Maana yake ni kwamba bunduki ilirudishwa kiwandani kwa matengenezo makubwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilivuliwa yote, vipuri vilivyochoka vikabadilishwa, chuma kikapigwa fosfeti, kisha kikapakwa rangi nyeusi ya kuokwa iitwayo Suncorite. Hakuna mtu aliyekuharibia bunduki yako kwa brashi gereji. Hiyo rangi nzito, yenye kujaa hata ndani ya herufi zilizogongwa, ndiyo umaliziaji halali ambao bunduki ilitoka nao kiwandani mara ya mwisho, na ndiyo ambayo askari wa enzi za babu yako waliishika. Ukiibandua utakuta fosfeti ya kijivu, utaona haipendezi, utaisugua mpaka chuma cheupe, na hapo ndipo utakapomwaga dawa ya bluu ya chupa. Itashika mabakabaka, na baada ya misimu michache ya jasho la mkono itageuka kahawia na kuanza kutu.

Ni hapa hasa watu wanapopotea. Wanaleta akili ya gari la kuuza, kwamba ukilipiga rangi na kuling'arisha bei inapanda. Kwa bunduki ya jeshi bei inashuka, tena kwa kishindo, na hakuna njia ya kuirudisha. Mkusanyaji anayejua kazi yake halipii mng'ao. Analipia ushahidi: herufi zenye kingo kali, namba zinazolingana, alama za wakaguzi kwenye mbao, rangi iliyochakaa mahali ambapo mkono wa askari ulishika na si kwingineko. Gurudumu la kung'arishia linakula kingo za herufi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Nimewahi kuletewa No. 4 ya Long Branch, kiwanda cha Kanada, mwenyewe akiwa na furaha kwamba ameifufua. Nikapitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, ukakwama: msasa ulikuwa umekula mbao hadi ikawa chini ya chuma pande zote. Alama za wakaguzi zilikuwa zimebaki vivuli. Vanishi aliyopaka juu ilikuwa nzuri sana, sikatai. Aliuliza sasa inafika bei gani, nikamwambia afadhali aiweke apige nayo shabaha.

Mbao zako zisafishe hivi. Kitambaa chenye tapentaini kidogo, futa grisi na uchafu, acha zikauke. Kisha mafuta mabichi ya kitani, yale yale ambayo jeshi la Uingereza lilitumia: matone machache, sugua kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto, futa yaliyozidi, subiri siku kadhaa, rudia. Mikwaruzo iache. Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Vinapokauka vinajitia joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto usiku umelala. Vitandaze nje, kimoja kimoja. Watu wanaogopa baruti halafu wanachoma gereji kwa kitambaa.

Chuma kinataka mafuta mepesi tu. Kama umepiga risasi za kijeshi za zamani, sukuma maji ya moto ndani ya mtutu siku ileile kabla ya mafuta. Fataki zake huacha chumvi, na chumvi haiondoki kwa mafuta.

Kuhusu kukata mtutu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inataka mtutu wa bunduki usipungue inchi 16 na bunduki nzima isipungue inchi 26. Ukiteleza chini ya hapo bila usajili ni kosa la kifungo. Wewe ungebaki na inchi 18 na kitu, kwa hiyo kwa vipimo ungekuwa salama. Lakini utakuwa umetengeneza nini? Ukiukata, unapoteza kishikio cha singe, unapoteza msingi wa shabaha ya mbele, na mdomo unahitaji kuchongwa upya kwa mashine, la sivyo risasi itatoka ikiyumba. Na kama siku moja utachukua leseni ya mkusanyaji, ile ya dola 30 kwa miaka 3 inayokuruhusu kununua silaha zilizotimiza miaka 50, fahamu kwamba masharti yake yanadai silaha iwe katika umbo lake la asili. Iliyokatwa si ya asili tena.

Bunduki ya babu yako, kwa ulivyoieleza, ni No. 5 Mk I, ambayo huku wanaiita Jungle Carbine. Ilitengenezwa kuanzia 1944 hadi 1947 katika viwanda viwili tu, Fazakerley huko Liverpool na BSA Shirley karibu na Birmingham, jumla kama robo milioni. No. 4, kwa kulinganisha, zilizidi milioni 4. Basi unaona ilivyo: No. 5 ni chache na inatafutwa, No. 4 zimejaa, na msumeno ni rahisi kupatikana. Tangu miaka ya 1950 kuna makampuni ya Marekani yaliyokata Lee-Enfield za kawaida, yakazifunga koni mdomoni na kuziuza kwa jina hilohilo. Nyingine zimepita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba anayekuuzia leo anaamini kwa dhati kwamba ni halisi.

Koni isikudanganye, wala mpira wa kwenye kitako. Vyote vinauzwa vipya. Mwambie muuzaji aivue mbao ya mbele. No. 5 halisi ilipunguzwa uzito kiwandani: sehemu nene ya mtutu iliyo mbele tu ya mwili imechongwa mabonde, na kuta za mwili wenyewe zimenyolewa. Kazi hiyo hakuna mtu wa gereji anayejisumbua nayo. Shabaha ya nyuma ya No. 5 inaishia yadi 800, ya No. 4 inakwenda 1,300. Kifundo cha mkono wa bolti kimetobolewa, ingawa hicho peke yake usikiamini, maana bolti huhamishwa, kama unavyojua sasa.

Na nikuambie jambo ambalo muuzaji hatakuambia: hata No. 5 halisi ina ugonjwa wake. Askari walilalamika kwamba shabaha inahama. Leo umeirekebisha inapiga katikati, kesho inapiga pembeni, na jeshi la Uingereza lilijaribu kulitibu tatizo hilo likashindwa. Inapiga teke kali, inatoa kishindo. Kama unaitaka kwa ajili ya babu, inunue, itundike kwenye sanduku lake lililofungwa kwa ufunguo, umpe heshima yake. Kama unataka kutoboa karatasi yadi 200, No. 4 yako ikishapona bolti itakushinda wewe mwenyewe kwa ubora.

Voi usifikirie. Kuitoa Marekani kunataka kibali cha kusafirisha silaha, kuiingiza Kenya kunataka kibali kingine, na anayeishika huko lazima awe na leseni kwa jina lake mwenyewe. Urithi wa ukoo haumo kwenye sheria. Wako watu wanaoshauri kuvunja bunduki vipande ukaichanganya na vipuri vya gari ndani ya kontena. Huo ni usafirishaji haramu wa silaha, na atakayekwenda kulitoa kontena bandarini Mombasa ndiye atakayelala ndani. Peleka ile picha ya babu, ikuzwe, iwekwe fremu.

Hiyo grini kadi uliyoitaja nayo isiwadanganye wenzako. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kumiliki. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa anaingia kwenye mojawapo ya misamaha michache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi anayeshika bunduki ya rafiki yake ili apigwe picha anachezea viza yake.

Hayo nimeyasema kwa No. 4, lakini ugonjwa ni mmoja kwa kila silaha kuukuu iliyopita mikononi mwa mtu mwenye mashine na bila subira. Kwa bastola ni hatari zaidi. Webley Mk VI, rivolva ya maofisa wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ilitengenezewa risasi ya .455, ambayo ni pole. Risasi hizo zilipoadimika Marekani, wafanyabiashara wakanyoa nyuma ya silinda ili iingie .45 ACP inayopatikana kila duka. Inaingia, ndiyo. Ila .45 ACP ya kawaida ina shinikizo linalokaribia au kupita lile la majaribio ya kiwandani ya Webley, yaani kila ukivuta kifyatulio unaijaribu upya kama ndiyo kwanza imetoka kiwandani, na ina zaidi ya miaka 100. Silinda zimepasuka namna hiyo. Dalili ni rahisi: tazama nyuma ya silinda, na kama namba iliyogongwa pale imeliwa nusu au haipo kabisa, imenyolewa. Ukikuta moja mezani kwa bei nzuri, na muuzaji anakuongezea boksi la .45 ACP bure, irudishe ulikoiokota uendelee meza inayofuata.