Re: Vanishi imewatia weupe Space Marines wangu

Salaam mkuu. Nimekuelewa: rangi ya Space Marines wako (vile visanamu vya askari wa mchezo wa Warhammer 40,000) ilitoka safi, ukapuliza vanishi isiyong'aa jioni mvua ikinyesha, asubuhi kikosi kizima kina ukungu mweupe. Pole, ila usikwangue kitu kwanza.

Pitisha kidole. Ukitoka unga, basi vanishi ilikauka hewani kabla ya kufika. Mswaki laini mkavu unatosha. Usipotoka, weupe umo ndani ya vanishi yenyewe, na mara nyingi chanzo ni unyevu au kupuliza nzito.

Wangu watano wa bluu walipatwa na hilo la pili. Niliwapaka vanishi ya akriliki ya kung'aa kwa brashi, nyembamba, na weupe ukayeyuka palepale. Mabegani tu ndipo palihitaji mkono wa pili. Watang'aa kama wamepakwa mafuta ya nazi, usishtuke. Kesho yake ukaue mng'ao kwa vanishi isiyong'aa, kwa brashi tena. Anza na mmoja usiyempenda sana. Hao wangu ni wa plastiki. Wa resini sijawahi kuwajaribu.

Siku nyingine tikisa kopo dakika mbili kamili, puliza kutoka sentimita 25 hivi, na mvua ikinyesha liache kabatini.